Muulize Anko wa Porini: Simba amelala siku nzima, hela yangu je?

Maswali ya mwezi huu yamejaa mpaka nimeyasoma nikiwa kitandani. Watu wameanza kupanga likizo, na wengine wameshaenda na wamerudi na hasira zao. Kwa wageni wa safu hii, mimi niliendesha Landkruza za watalii kanda ya kaskazini miaka 19 mpaka magoti yakagoma, sasa hivi nafuga kuku Usa River na kujibu barua zenu. Twende.

Anko shikamoo. Naolewa mwezi wa tisa na mchumba wangu anataka fungate tukalale loji porini siku tatu tuangalie wanyama, badala ya Zanzibar. Nilipomtajia mama neno loji alinyamaza kwenye simu kama dakika nzima. Na mimi mwenyewe nina wasiwasi, hizo sehemu si za wazungu? Bajeti yetu ya kawaida tu, tunaishi Dar. (Bi Harusi Mtarajiwa, Tabata)

Marahaba mwanangu na hongera. Kwanza mpigie mama leo leo. Mama hana kosa, mtaani kwetu loji ni ile nyumba ya ukuta wa kijani yenye chumba cha masaa mawili, kitaulo na kipande cha sabuni, sasa wewe unamwambia mama unaenda kukaa loji siku tatu unategemea afanyeje? Mwambie ni hoteli ya hifadhini, mtumie na picha ya tembo, atatulia.

Hilo la wazungu liache kabisa. Bei ya raia ipo, ila mara nyingi haiandikwi mtandaoni, kule unakuta dola tu, unaona tarakimu unafunga simu unalala. Piga simu mapokezi, ongea Kiswahili, uliza hivi: "Bei ya mzawa ni shilingi ngapi kwa mtu mmoja, fulu bodi?" Maana yake kulala na milo yote mitatu. Halafu usikate simu kabla hujauliza la pili, ambalo ndo linaliza watu: je, kiingilio cha hifadhi kimo humo? Ada ya kulala ndani ya hifadhi imo? Gari la kuzungukia na mwongoza wageni vimo? Nimeshakuta getini familia imelipa chumba miezi miwili kabla, wamefika na kigari kidogo cha chini hawana hela ya kiingilio na hawajui kwamba pale getini noti hazipokelewi, unalipa kwa kontrol namba au kadi. Baba mtu alikuwa anatetemeka kwa aibu mbele ya wakwe. Bebeni na vitambulisho vya NIDA, wote wawili, bila hivyo mtahesabiwa wageni.

Kwa mtu wa Dar mwenye bajeti ya kawaida mimi nasema Mikumi, sizunguki. Tangu 2024 treni ya SGR inawafikisha Morogoro chini ya masaa mawili, pale mnatafuta gari la kukodi, ni kama kilomita mia na ushee mpo hifadhini. Tena Mikumi mmeshaiona, si ndo ile barabara ya Iringa inapita katikati yake kilomita kama hamsini, abiria wote wanahamia dirisha la kushoto kuangalia twiga? Ni hifadhi ya tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na ule uwanda wa Mkata mwezi wa tisa nyasi zimeshakauka na kulala chini, mnyama hana pa kujificha. Kama loji ikiwashinda bei, ulizieni mabanda ya hifadhi yenyewe, ni ya kawaida ila mtasikia simba mkiwa kitandani. Na mkilala ndani, kibali kinahesabiwa masaa 24 kuanzia mlipoingia, kwa hiyo pangeni muda wa kuingia kwa akili, ukiingia saa nne asubuhi, kesho yake saa nne unatakiwa uwe umetoka au umelipia tena.

Zanzibar ipo tu, mtaenda na watoto.

Anko nina hasira. Nimeenda Serengeti na wenzangu wa ofisini, tumechanga karibu mwaka mzima. Siku mbili gari linakimbia huku na huku, dereva yupo kwenye redio tu, tukifika simba amelala, tunapiga picha ya tumbo tunaondoka, tukifika kwa chui magari ishirini, tunaona mkia. Simba wote sita tuliowaona walikuwa wamelala kama walevi. Nimeona wanyama au nimeona vumbi? (Mhasibu, Mwanza)

Mhasibu pole sana, na hili swali nilikuwa nalisubiri miaka.

Simba analala mpaka masaa 20 kwa siku. Haumwi, hajavimbiwa, ndivyo alivyo, nyama ikishaingia tumboni kazi imeisha. Sasa ukifanya hesabu zako za ofisini, masaa manne yaliyobaki mengi ni ya usiku, na wewe hifadhini mchana upo kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili. Kwa hiyo ukienda kukimbiza simba kwa redio asilimia kubwa utapelekwa kuangalia usingizi. Dereva wenu si mbaya, anajua mkirudi mtaulizwa "mliona wakubwa watano?", yaani simba, chui, tembo, nyati na kifaru, na asipowaonyesha mtamnung'unikia kwa bosi. Tulikuwa tunafanya hivyo hivyo, kwenye redio tunamwita simba "masharubu" na chui "wa juu" ili wageni wasishtuke mapema, halafu tukikata kona gari zima linashangilia. Nikibeba Watanzania ile siri ilikuwa haipo, wanacheka tu huko nyuma, "Anko masharubu wako wapi?"

Nikuambie kitu ambacho ilinichukua kama miaka sita kukijua. Mwaka fulani nilipewa bibi wawili wa Kijerumani, ndugu, wote wamepita sabini. Siku ya kwanza asubuhi tupo Seronera, katikati ya Serengeti, nikaona swala pala amening'inizwa kwenye mwegea, ule mti wa matunda kama soseji, lakini mwenye nyama hayupo. Nikasema twende tutarudi. Wakasema hapana, tunakaa. Nikazima gari. Mmoja akatoa sufu na sindano akaanza kufuma soksi! Saa ya kwanza ikapita. Magari yakawa yanakuja, wanachungulia, "kuna nini?", nawaambia swala aliyekufa, wanaondoka. Nilihesabu magari 11. Mimi nimeshaanza kusinzia, jua linachoma, inzi wamejaa, nikawa nawalaani kimoyomoyo hawa bibi wamenipotezea siku.

Kwenye saa tatu hivi za kusubiri, tumbili waliokuwa mti wa pili wakaanza kelele, wote wakakimbilia matawi ya juu. Bibi mfumaji akaacha soksi. Nyasi hazikutikisika hata kidogo, nakuambia ukweli, nilikuwa naangalia palepale, halafu chui akawa yupo chini ya mti. Yaani hakuja, alikuwepo. Akapanda kwa mruko mmoja na kusukuma kucha mara mbili, magome yakaanguka juu ya boneti. Akaanza kula, tunasikia mifupa inavunjika kama mtu anavunja kuni mbichi, na nywele za swala anazing'oa anazitema pembeni, pfu, pfu, zinashuka polepole mpaka kwenye soksi za bibi. Baada ya hapo akashuka nusu akatoa kasauti kadogo ka kukoroma, na kutoka kwenye kichaka tulichokuwa tunakiangalia tangu asubuhi kakatoka katoto kake. Kalikuwa pale muda wote. Masaa matatu kanatuangalia sisi.

Tangu siku hiyo nikabadilika, na wageni wachache walinikasirikia, ila wengi walirudi.

Kwa hiyo safari ijayo kaa na dereva usiku wa kwanza, mnunulie soda, mwambie "bro sisi hatutaki orodha, tupeleke sehemu moja yenye maji au yenye nyama, zima gari tukae". Wallahi atakupenda, kwanza anaokoa mafuta. Na mkiwa mmekaa msimwangalie simba, waangalieni wanaomwangalia simba. Twiga watatu wote wamegeuza shingo upande mmoja na hawatafuni? Kuna mtu pale. Swala pala wanapiga chafya huku wanakanyaga chini? Kuna mtu. Na tumbili ndo walinzi wakubwa, watafiti waliwachunguza kule Amboseli Kenya wakakuta wana kelele tofauti kwa adui tofauti: ya chui wote wanapanda juu, ya tai wanaangalia angani na kuingia vichakani, ya nyoka wanasimama kwa miguu miwili wanakagua nyasi. Ukishalijua hilo hata bila redio unasoma pori lote.

Na msigonge bodi ya gari au kumpigia mluzi aamke. Najua watu wa ofisini.

Anko, loji tuliyobuk ni ya mahema, iko Tarangire. Mume wangu anasema ni salama. Mimi nauliza tembo akija usiku zipu ya hema inamzuia nini? (Mama Wawili, Morogoro)

Haimzuii kitu, mama. Tembo akitaka kuingia hata ukuta wa tofali anaingia. Siri ni kwamba hataki. Hema likiwa limefungwa yeye analiona kama jiwe, analizunguka kwa adabu kabisa, na ule ukubwa wote hapigi hata kishindo, nyayo zake zina kama godoro la mafuta chini. Utakachosikia ni matawi yanavunjwa na mngurumo. Tembo ananguruma kooni kama jenereta la mbali, usiogope.

Kinachomfanya atake kuingia ni chakula, na hapa najisema mwenyewe. Kambi moja, nisiitaje, nilikuwa nimenunua maembe Mto wa Mbu nikayaweka kwenye begi ndani ya hema la madereva, nimesahau. Saa nane usiku naamshwa na pumzi. Sio sauti, pumzi, ya moto, ina harufu ya majani yaliyochachuka, inapita kwenye wavu wa dirisha juu ya uso wangu hivi, inavuta, inatoa, inavuta. Mkonga ulikuwa unakagua. Nilichofanya? Sikufanya kitu, nililala kama maiti, jasho mpaka kwenye masikio. Akapasua pembeni, akaingiza mkonga, akachukua begi zima, maembe, taulo, Biblia ya mke wangu na kila kitu. Asubuhi tulikuta begi mita kama thelathini mbele, embe hakuna hata moja, Biblia imelowa mate ila ipo nzima. Meneja alinikata hela ya hema na sikumbishia.

Kwa hiyo: chakula chote kiache mapokezi au jikoni, hata pipi za watoto, hata dawa ya meno yenye harufu ya matunda. Zipu funga mpaka mwisho kabisa na mchana pia, maana nyani wa siku hizi wanafungua zipu kuliko wewe, wakiingia wanatafuta sukari na wakikosa wanakunyea kitandani kwa hasira. Na usiku usitoke peke yako hata kama mkahawa unauona. Wakishakuambia upunge tochi askari aje akusindikize, punga. Watu wanaona ni maringo ya hoteli, wanakimbia wenyewe hatua ishirini tu, mimi nimeona kiboko amesimama kwenye hizo hatua ishirini. Kiboko mchana yupo majini, usiku anatoka kula majani na majani mazuri yaliyomwagiliwa yapo wapi? Bustani ya loji. Ukikutana naye usisimame kati yake na maji, hapo ndo anaua.

Tembo wa mchana ukiwa kwenye gari: akitanua masikio na kupiga kelele na vumbi, mara nyingi anakutisha tu, dereva anajua. Akikunja masikio na mkonga akaja kimya, hapo dereva asiulizwe maswali. Na dume lenye maji yanatiririka pembeni ya macho na mkojo unadondoka dondoka, hilo lipo kwenye msimu wake wa kutafuta jike, mpishe kwa mbali sana, siku hiyo halina utani na mtu.

Anko swali la aibu. Siku tatu bafee, pasta, supu ya boga, saladi. Ugali haupo kabisa? (Njaa, Singida)

Upo! Upo kila siku, jikoni kwa wafanyakazi, na maharage na dagaa juu. Mwambie muhudumu jioni ya leo kwa ajili ya kesho, kwa upole, usimwambie mbele ya wageni wengine. Mpishi atafurahi, anachoka kupika boga.

Hujambo Anko, mimi ni wa Mombasa, Likoni. Mzee wangu ana miaka 74 na mgongo wamuuma, gari la kuruka ruka hawezi, lakini maisha yake yote hajaona ndovu kwa macho yake. Niende naye Tsavo ama nimwonee huruma? (Kifungua Mimba)

Sijambo mwanangu, mpe mzee shikamoo yangu. Mpeleke, na wala hahitaji gari la kuruka ruka. Tsavo Mashariki karibu na Voi zipo loji zilizojengwa juu ya kilima na chini yake kuna kidimbwi cha maji. Panda naye treni mpaka Voi, ile reli tangu 2017 inapita katikati ya Tsavo yenyewe na imeachiwa njia za chini ndovu wapite, kaeni dirishani mnaweza kuanza kuwaona kabla hata hamjafika. Pale stesheni chukua gari la taratibu mpaka lojini, muwekee mzee kiti chenye mto kwenye baraza, chai, basi. Kazi yako imekwisha, ndovu watakuja wenyewe.

Nenda kiangazi, mwezi wa nane mpaka wa kumi, mvua ikiwa haijanyesha huko porini hakuna maji kwingine. Ndovu anakunywa zaidi ya lita mia kwa siku, na mkonga mmoja unabeba kama lita nane, kwa hiyo mzee ana muda wa kutosha kuhesabu. Mwonyeshe mambo haya: anayetangulia ni mama mkubwa, si dume, dume kubwa huishi kivyake. Wadogo hawajui kutumia mkonga, wanapiga magoti wanakunywa kwa mdomo au wanaukanyaga wenyewe wanaanguka. Na kundi jipya likifika lile lililotangulia halifukuzwi hovyo, wanasalimiana, wanatiana mikonga midomoni. Atashangaa ni wekundu, mwambie sio kabila jingine, ni vumbi la Tsavo, wanajimwagia kuzuia jua na wadudu. Huwa nawaambia watu wenye miguu mizima kabisa, siku moja ya kidimbwi inashinda siku tatu za kukimbizana, hawasikii. Mzee wako kwa mgongo wake atawashinda wote.

Kwa malipo wewe ni raia, maliza kiingilio cha hifadhi kwenye eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali ya Kenya, kabla hujaondoka nyumbani.

Anko nina watoto wa miaka 5 na 9, nguo gani, na nimeambiwa nisivae jinzi? (Baba Pacha lakini Sio Pacha, Dodoma)

Jinzi sio sheria, ni mbung'o. Mbung'o anapenda bluu na nyeusi, utaona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa kwenye miti hifadhini, ni mitego yao, sasa ukivaa jinzi na tisheti nyeusi umejitundika mwenyewe. Na anang'ata juu ya nguo, inauma kama sindano ya zamani. Vaeni rangi ya udongo, majani makavu. Ila nguo za mabaka kama za jeshi usithubutu, hizo ni kesi.

Huyo wa miaka mitano ulizia kabla ya kulipa, kambi ndogo zisizo na uzio nyingine hazichukui watoto wadogo, na safari za kutembea kwa miguu sehemu nyingi ni kuanzia miaka 12. Ukipata loji yenye uzio na nafasi ya kukimbia chukua hiyo. Usimpangie mtoto masaa sita ya gari, mpangie mawili alfajiri na mawili jioni, mchana alale kama simba. Mpe kazi, huyu ahesabu ngiri, yule atafute mavi, watoto wanapenda mavi kuliko simba. Mavi ya fisi yakikauka ni meupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa anayokula, hilo watalisimulia shuleni mwaka mzima.

Chandarua na dawa ya malaria muulize daktari wa watoto, sio mimi.

Anko, simu yangu kamera yake nzuri, ninunue na lenzi? Na droni je? (Mpiga Picha wa Kesho)

Nunua darubini. Simba wa mita mia kwenye simu anatoka kama punje ya maharage na utakesha unamkuza. Kwenye darubini unamwona mpaka kupe. Droni iache nyumbani, hifadhini hairuhusiwi bila kibali maalum, watakunyang'anya.

Anko tipu. Dereva, askari wa usiku, mpishi, wa kubeba mabegi. Sisi Wabongo tunatoa au? (Mkono wa Birika)

Hilo jina umejipa mwenyewe. Toa unachoweza, shilingi ni hela, usione aibu eti sio dola. Dereva mpe mkononi siku ya mwisho, faragha. Wa lojini kuna sanduku mapokezi wanagawana, ila nitasema ukweli, sehemu moja nilikokuwa nalala mara kwa mara lile sanduku lilifunguliwa na bosi peke yake mwaka mzima na wa jikoni hawakuona hata mia. Kwa hiyo mimi huwa natoa sehemu kwenye sanduku, na askari wa usiku namtafuta nampa mwenyewe. Yule hakuna mtu anayemkumbuka, wageni wote wanaondoka asubuhi yeye amelala.

Anko nisaidie, sijalala tangu nirudi. Tulilala nyumba ya wageni karibu na hifadhi ya Arusha, chini ya Meru, kuna msitu. Saa sita usiku nikasikia juu ya mti kama mlango unafunguliwa, kriiii, kriiii, unaongezeka, halafu mtu anapiga yowe kama ananyongwa. Mara tatu. Mume wangu alisoma Ayatul Kursi mpaka alfajiri. Wenyeji asubuhi walicheka tu. (Hadi Leo Naogopa, Tanga)

Kuomba hakudhuru kitu, mume kafanya vizuri. Ila pale hapakuwa na jini wala mtu.

Kuna wawili wanaolia usiku juu ya miti. Ingekuwa kilio cha mtoto mchanga, wee wee wee, ningesema komba, yule mwenye macho makubwa anayerukaruka. Lakini mlango unaoanza polepole na kupanda na kumalizia na yowe, huyo ni pelele. Ni pimbi wa mitini, ana ukubwa wa paka aliyeshiba, hana mkia, manyoya mazito ya baridi, mchana analala kwenye tundu la mti, usiku anawatangazia wenzake kwamba mti huu una mwenyewe. Jirani akisikia anajibu, wa tatu anajibu, mlima wote unapiga yowe.

Na usicheke, ndugu zake wa karibu duniani ni tembo na nguva. Ana vijino viwili vya mbele vinaendelea kuota kama pembe za tembo, na miguu yake ukiiangalia vizuri ina vidole vyenye kucha butu hivyo hivyo. Tembo alikwenda kuwa vile, huyu akabaki na sauti.

Mkirudi, mwombe askari wa usiku awamulikie kwenye ule mti, macho yake yatang'aa kwa juu kwenye tawi. Atanyamaza kidogo awaangalie. Mkizima tochi ataanza tena, kriiii.